Dakika moja kabla ya kukunja nyaya

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: katika kazi yako, ni jambo gani ambalo watu wa nje hawalioni, lakini likikosekana kazi inaharibika? Mimi ni mnasa sauti kwenye filamu za makala, na kazi zetu nyingi ni hapa hapa Bagamoyo. Jibu langu ni dakika moja ya kimya.

Mahojiano yakiisha, naomba kila mtu abaki alipo, asiguse kitu, nirekodi mahali penyewe. Kimya kitupu hakipo. Chumba cha nyumba ya mawe kule Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo kina mvumo wake, kwa zile kuta nene za matumbawe na dari ya boriti. Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, kuna upepo na ndege. Mhariri wa filamu akikata kikohozi au sentensi iliyorudiwa, pale alipokata panabaki shimo, na sikio la mtazamaji hushtuka hata kama mwenyewe hajui limeshtushwa na nini. Shimo hilo huzibwa kwa sauti ya pale pale, ya saa ile ile. Ya chumba kingine haikai.

Kuipata sasa! Kibali cha Bodi ya Filamu tunacho, barua ya serikali ya mtaa tunayo, ila hakuna karatasi inayozima redio ya jirani. Hiyo inaombwa. Unapiga hodi, unamwamkia mzee shikamoo, unaulizia hali za nyumbani, ndipo unaeleza shida yako. Adhana haiombwi isubiri. Ni sisi tunaopanga kazi yetu kati ya adhuhuri na alasiri. Upepo nao una saa zake: miezi ya kusi, ukichelewa kufika ufukweni asubuhi, mchana hata maiki iliyovikwa manyoya inavuma tu.

Halafu kuna friji, inayowaka na kuzima yenyewe katikati ya maneno ya mtu. Tunaomba ruhusa ya kuichomoa, na nikishaichomoa naweka funguo za gari letu ndani yake, juu ya samaki wa mwenye nyumba. Hatuwezi kuondoka bila kuifungua, na tukiifungua tunakumbuka kuirudisha kwenye umeme. Wanasa sauti wa nchi nyingi hufanya hivyo. Kwangu hiyo ni adabu kabla ya kuwa ufundi: mama wa watu ametufungulia nyumba yake, samaki wake wa biashara wasiozee kwenye filamu yetu.

Watu wakizoea kunyamaza, wanaanza pia kusikiliza. Tulikuwa tunamrekodi fundi akikalafati mashua, anashindilia pamba kwenye mianya ya mbao kwa patasi na nyundo. Kameramani alikuwa ameelekeza kamera kwenye mikono ya fundi. Mimi kwenye hedifoni nikasikia mlio unabadilika: mwanzo ulikuwa wazi kama wa debe tupu, kisha ukawa mfupi na mzito, na hapo hapo fundi akasogeza patasi mbele bila kutazama. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Si umeisikia? Hapo imeshiba." Mwongozaji akayaweka kando maswali aliyokuja nayo, na mzee akatueleza jinsi anavyoikagua mashua nzima kwa kuigonga, na jinsi anavyojua fundi mwanafunzi ameruka mahali. Maelezo yale hayakuwamo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Kwa hiyo waongozaji mnaosoma hapa, nawaomba dakika hiyo iandikwe kwenye ratiba ya siku kama inavyoandikwa saa ya chakula, tena kabla ya kutamka "tumemaliza". Watu wakishaanza kukunja nyaya na kupakia gari, hakuna wa kuwarudisha.

Msomaji wenu,
Dunda, Bagamoyo