Kabla ya Kujibu Posa: Yapi ya Ukoo Yanarithiwa Kweli?

Katika familia yetu posa haijibiwi mpaka ukoo wa upande wa pili upelelezwe, na kwa miaka mingi kazi hiyo nimekuwa nikipewa mimi, shangazi wa vijana wengi. Maswali ninayotumwa nayo hayabadiliki: je, kwao kuna wezi, walevi, wavivu, wagomvi? Wanaoyauliza wanaamini kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Ushauri wangu ni kuanza na jambo ambalo mara nyingi haliulizwi kabisa, yaani selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu.

Ugonjwa huu unatokana na hitilafu ya jeni moja tu, na njia yake ya kurithiwa inajulikana vizuri. Aliyeipokea jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu huitwa mwenye AS; kwa kawaida huishi bila kuumwa na huenda asijue kamwe kwamba anayo. Wakioana wawili wenye AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kila mara, hata kama watoto waliotangulia ni wazima. Huku kwetu jeni hii imeenea kwa sababu mwenye AS hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilieleza mwaka 1954. Kipimo chake ni cha damu. Huwa ninasisitiza vijana wote wawili wapime kabla mahari haijatajwa, maana mahari ikishapokelewa, aibu huwafunga watu midomo.

Tabia ni habari nyingine. Urithi umo, sikatai: uchambuzi mkubwa wa tafiti za mapacha uliochapishwa mwaka 2015, wenye takwimu za zaidi ya jozi milioni 14, ulionyesha kwamba kwa wastani takriban nusu ya tofauti kati ya watu huhusiana na vinasaba, na makadirio kuhusu ulevi hayako mbali na hapo. Lakini hiyo ni nusu ya tofauti zilizopo katika kundi zima la watu, wala si nusu ya mtu mmoja, tena hutokana na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo sana. Kwa hiyo hakuna mpelelezi awezaye kumtazama binti wa mlevi akatabiri kwamba naye atalewa. Zaidi ya hayo, binti huyo amekulia katika nyumba yenye pombe, njaa na ugomvi wa usiku, nasi tunavijumlisha vyote na kuviita damu. Hata kimo, ambacho hurithiwa kwa nguvu kuliko tabia nyingi, hubadilika maisha yakibadilika: wanawake wa Korea Kusini waliongezeka takriban sentimita 20 katika karne moja.

Inaniuma kuona msichana mwenye bidii akikataliwa kwa wizi wa mjomba wake. Waulizeni waliomlea, waliosoma naye na waliofanya naye kazi jinsi anavyotunza fedha na anavyofanya akikasirika. Na kijana ambaye baba na babu yake walishindwa na pombe, asifichwe. Mimi humweka faragha nikamweleza kwamba hatari yake huenda ni kubwa kuliko ya wenzake, na kwamba ni salama zaidi asiionje kabisa.