Maji hupitaje kwenye utando wa seli?

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba utando wa seli umeundwa kwa mafuta, na kwamba maji huupenya kwa osmosisi. Maji na mafuta hayachangamani. Je, maji hayo hupita wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Osmosisi hueleza tu maji yanaelekea upande gani, yaani kule kwenye chumvi na vitu vingine vingi vilivyoyeyuka, njia yenyewe haielezi. Maji machache hujipenyeza polepole katikati ya mafuta, lakini seli zinazohitaji kasi zina protini iitwayo akwaporini, yenye tundu linalotoboa utando kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Peter Agre na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliikuta katika seli nyekundu za damu walipokuwa wakichunguza jambo jingine, protini za kundi la damu la Rh. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 1992, waliyadunga mayai ya chura RNA (molekuli inayobeba maelekezo) ya kutengenezea protini hiyo, kisha wakayaweka katika maji yenye chumvi kidogo kuliko ndani ya yai: yaliyodungwa yalivimba na kupasuka katika muda wa dakika chache, ilhali yasiyodungwa yalibadilika kidogo sana. Ushahidi bora kuliko huo ni vigumu kuufikiria. Mwaka 2003 Agre alitunukiwa Nobeli ya Kemia, pamoja na Roderick MacKinnon.

Penye wembamba zaidi, tundu hilo lina upana wa takriban nanomita 0.3, hivyo molekuli za maji hupita moja moja, na bado hufikia kama bilioni 3 kwa sekunde. Ajabu zaidi ni kwamba protoni (ioni za hidrojeni, ambazo ndizo huleta asidi), ambazo kwa kawaida hurukia kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine, hazipiti: chaji za umeme ndani ya tundu huzisukuma nyuma na kuigeuza kila molekuli inapofika katikati. Zingepita, seli isingeweza kutunza tofauti ya asidi kati ya ndani na nje.

Akwaporini si pampu na haitumii nishati, ila mwili huweza kuamua iwepo wapi. Tunapopungukiwa maji, homoni ya vasopresini huzifanya seli za mirija ya kukusanyia mkojo katika figo zipeleke akwaporini-2, mojawapo ya aina za akwaporini, kwenye utando wake, maji yarudi mwilini na mkojo upungue. Mtu aliyezaliwa na hitilafu katika jeni ya protini hiyo hukojoa lita nyingi kila siku, hata homoni yake ikiwa ya kutosha.