Modemu ya Ndani Haionekani Kwenye Linux

SWALI: Kadi ya modemu imo ndani ya kompyuta, lakini wvdialconf (programu ya kutafuta modemu) haioni kitu. Nilijenga draiva, modprobe (amri ya kupakia draiva) ikagoma: “Invalid module format”. Nifanyeje?

JIBU: Draiva yako imejengwa kwa faili za toleo jingine la kerneli, yaani kiini cha Linux. Andika uname -r, sakinisha vichwa vya kerneli (kernel headers, faili za kujengea draiva) vya namba hiyohiyo, endesha make clean, ndipo ujenge upya. Kila ukisasisha kerneli utarudia kazi hii.

Ila kwanza hakikisha draiva ni ya chipu yako. Andika lspci -nn usome tarakimu nne zilizo kabla ya nukta mbili ndani ya mabano ya mraba: 11c1 ni Lucent au Agere, 14f1 ni Conexant. Nyingi za kadi hizi ni modemu nusu. Kazi ya kugeuza sauti kuwa data huachiwa prosesa, ndiyo maana bila draiva yake hazijibu hata AT, amri ya msingi ya modemu. Draiva nyingi za aina hiyo ziliandikiwa kerneli za zamani, na kwenye mpya hukataa kabisa kujengwa.

Ukitumia slmodemd (programu inayoendesha baadhi ya modemu nusu), iache ikiendelea, kisha kwenye /etc/wvdial.conf, faili la mipangilio ya kupiga simu, weka Modem = /dev/ttySL0 na Carrier Check = no. Mstari huo wa pili husahaulika sana. Ukipata NO DIALTONE ilhali ukiinua simu unasikia mlio wa laini vizuri, ongeza ATX3 kwenye mstari wa Init: modemu itapiga bila kusubiri mlio.

Kwa maoni yetu, draiva ikigoma kujengwa usikeshe nayo. Modemu ya nje ya bandari ya siriali hufanya kazi yenyewe, haidai draiva ya ziada. Ikiwa kwenye bandari ya kwanza utaitumia kupitia /dev/ttyS0, mradi jina lako la mtumiaji limo kwenye kundi la dialout.