Maswali ya Kazi: Wanataka steitimenti ya benki na usaili wenyewe sijaitwa

Mwezi huu nimeacha barua za mishahara na za likizo pembeni, maana zilizojaa ni za kitu kimoja, watu wanaoomba kazi na wanapekuliwa kuliko hata mtuhumiwa. Nimechagua chache. Majina nimeyatoa na kampuni sizitaji.

Shikamoo anti. Mimi ni mhasibu msaidizi hapa Dar, nina kazi ila mshahara mdogo ndo maana nikaomba sehemu nyingine. Wakanijibu nimepita mchujo wa kwanza afu wakatuma fomu nijaze, kuna sehemu imeandikwa naruhusu kampuni na mawakala wake kuchunguza taarifa zangu zote kutoka chanzo chochote. Wakataka na steitimenti ya benki ya miezi sita, majina ya akaunti zangu za Instagram na Facebook, na namba ya bosi wangu wa sasa. Niliandika kabisa bosi asipigiwe kwanza. Wakampigia. Sasa hivi ofisini naangaliwa kama msaliti, na wale wenyewe wamekaa kimya, simu hawapokei, sijui walipata nini kuhusu mimi. Nifanye nini?

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na imeniuma, kwa sababu hao watu wameharibu kazi uliyonayo kabla hata hawajaamua kukupa ya kwao, na walionywa kwa maandishi.

Nianze na upande wao kidogo maana ni haki. Waajiri nchi hii wana sababu ya kuogopa. Wote tunakumbuka Aprili 2017 pale Dodoma Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya vyeti, watumishi wa umma 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi, na tangu hapo kila ofisi ikawa na hofu ya kudanganywa. Kwa hiyo mwajiri akitaka kuhakiki cheti chako Baraza la Mitihani (NECTA) au akiuliza chuo kama kweli ulisoma pale, hiyo ni halali yake na wala usinune. Mhasibu anashika hela za watu, kuulizwa kama umewahi kutiwa hatiani kwa wizi nako sioni ubaya. Ila sasa Instagram yako inahusiana nini na vitabu vya hesabu? Steitimenti inaonyesha umemtumia nani hela, umenunua dawa gani famasi, sadaka unatoa kanisa lipi au msikiti upi, mama yako kijijini unamtumia shilingi ngapi, yani maisha yako yote yamelala pale, na anayeisoma ni mtu wa HR ambaye hujawahi hata kuonana naye.

Sheria ipo na watu wengi hawaijui. Inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Juu yake kuna Katiba yenyewe, ibara ya 16, inayolinda faragha ya mtu. Hiyo sheria inataka anayekusanya taarifa zako akwambie anazitaka za nini, achukue zile tu zinazotosha kwa kazi hiyo, na kwa kawaida azichukue kwako wewe mwenyewe na sio kuzungukia kwa majirani. Na kuna kundi la taarifa linaitwa taarifa binafsi nyeti. Humo kuna afya, kuna dini, kuna mambo ya makosa ya jinai, na kuna kitu ambacho wengi wakisikia wanashtuka, miamala ya fedha ya mtu. Kwa hizo sheria inadai ridhaa ya maandishi, ukiacha mazingira machache iliyoyataja yenyewe.

Najua utaniambia anti mimi nilisaini. Ndio ulisaini, lakini ulisaini nini? Karatasi inayosema "taarifa zote kutoka chanzo chochote" haikwambii wanachukua nini, kwa nani, wakakipeleke wapi, na mimi naona mtu hawezi kuridhia kitu ambacho hajaambiwa. Tena ridhaa unaweza kuiondoa baadaye, huhitaji kujieleza wala kulipa. Na hapo kwenye bosi wako hata hakuna mjadala, ulikataa kwa mkono wako, kwa hiyo ile simu waliipiga juu ya katazo lako.

Instagram nayo, kile ulichokiweka wazi mwenyewe kila mtu anakiona na mwajiri naye atakiona, huwezi kumzuia. Lakini kukuomba paswedi, au kukwambia uifungue mbele yao kwenye usaili waanze kupitia meseji (hili nimeandikiwa na wasomaji wengine wawili), kataa kwa heshima. Sema tu humo kuna mazungumzo ya watu wengine ambao hawajaomba kazi kwao.

Sasa cha kufanya. Waandikie imeili, usipige simu, simu haiachi ushahidi. Andika hivi au kwa maneno yako: "Mimi niliomba nafasi ya mhasibu msaidizi kwenu. Naomba mnieleze ni taarifa gani zangu mlizonazo, mlizipata kwa nani, mmempa nani, na mnazihifadhi kwa muda gani. Naomba nakala yake. Kama kuna kitu si sahihi naomba kirekebishwe. Ridhaa yangu ya kuchunguza akaunti yangu ya benki naiondoa kuanzia leo na naomba steitimenti yangu ifutwe." Basi, usitukane, usiweke hasira. Tunza nakala ya hiyo imeili, ile fomu uliyojaza, na skrinshoti za meseji zao. Wakikaa kimya au wakakujibu ovyo peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ndo kazi yao hiyo, na sheria inaruhusu hata kudai fidia kama umeumizwa.

Kuhusu bosi wako wa sasa, usisubiri akuite. Nenda wewe, mwambie kweli niliomba kazi sehemu, na hapa naendelea kufanya kazi yangu kama kawaida. Kuomba kazi kwingine sio kosa la nidhamu. Kama una zaidi ya miezi sita hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu ndo akuachishe, na mimi sioni jinsi "alitafuta kazi" itakavyosimama kama sababu halali. Ikitokea amekuachisha, una siku 30 tu kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, usizimalize ukilia nyumbani. Na ukiondoka kwa njia yoyote ile mdai cheti cha utumishi, ni wajibu wake kisheria kukupa, halafu hicho ndo utakuwa unakionyesha siku nyingine badala ya namba ya simu ya mtu.

Anti, niko Mwanza, nina miaka 27. Mwaka 2019 polisi walifanya msako mtaani kwetu tukabebwa vijana wengi, nikalala kituoni siku mbili nikaachiwa, hata mahakamani sijafika. Sasa fomu ya kazi ya ulinzi inauliza "je umewahi kukamatwa au kuwa na kesi". Nikisema ndio wananikata. Nikisema hapana nimedanganya. Rafiki zangu wote wananiambia niandike hapana.

Usiandike hapana. Sio kwamba nawatetea wao, ni kwamba uongo kwenye fomu ndo utakaokufukuzisha kazi hata baada ya miaka mitatu wakija kujua, wakati ukweli wako hauna aibu yoyote. Andika ndio, na pembeni sentensi moja: nilikamatwa kwenye msako wa jumla 2019, niliachiwa bila kushtakiwa, sijawahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Ukiwa na cheti cha polisi kile cha alama za vidole kiambatanishe.

Lakini nataka na hao wanaotunga fomu wasome hapa. Kukamatwa na kutiwa hatiani ni vitu viwili tofauti kabisa. Katiba ibara ya 13 inasema mtu aliyeshtakiwa asichukuliwe kuwa na kosa mpaka ithibitike, na huyu kijana hata kushtakiwa hakushtakiwa. Anayeishi mitaa ya watu wa kawaida anajua msako unavyobeba, aliyekuwa anauza chipsi anabebwa na aliyekuwa anasubiri chipsi naye anabebwa. Ukiuliza "umewahi kukamatwa" unawakata masikini wote wa mtaa huo kwenye ajira kwa kosa la kuwa nje jioni. Uliza kama amewahi kutiwa hatiani, na kwa kosa linalohusiana na kazi yenyewe. Inatosha.

Salaam aleikum dadangu, nakuandikia kutoka Mombasa. Huku kila tangazo la kazi linataka cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), cha KRA (kodi), cha HELB (mikopo ya wanafunzi), cha CRB (rekodi za mikopo) na cha EACC (tume ya maadili na kupambana na rushwa), hata kazi ya dereva. Nimetumia pesa na nauli kuzungukia hivi vyeti na sijaitwa intavyuu hata moja. Kuna namna?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Iko namna, na huko kwenu sheria imelisema wazi kuliko hata huku kwetu. Hivyo vyeti vilipata nguvu kutokana na Sura ya Sita ya Katiba yenu ya 2010, ile ya uongozi na maadili, na ililenga maafisa wa serikali, watu wa kukabidhiwa mali ya umma. Baadaye kila mtu akadaka, mpaka dereva na mpishi wanaambiwa walete. Mwaka 2022 Bunge likaifanyia marekebisho Sheria ya Ajira, kwamba mwajiri asikudai hivyo vyeti vya uidhinisho mpaka awe anakusudia kuingia na wewe mkataba wa maandishi. Yani kwanza akutake, ndo vyeti vifuate, na ukishindwa kuvileta hapo anaweza kuondoa ofa yake. Marekebisho hayohayo yanasema taasisi ya umma inayotoa hivyo vyeti isimtoze mtafuta kazi ada, kwa hiyo ukidaiwa pesa uliza kwa maandishi unatozwa kwa sheria ipi.

Cha CRB ndicho kinanikera zaidi. Mtu hana kazi ndo maana mkopo umemshinda, halafu ananyimwa kazi kwa sababu mkopo umemshinda, huyo atalipa lini jamani? Kwa mtu wa kushika fedha benki labda nitaelewa. Kwa dereva hapana.

Tangazo linalodai vyote mwanzoni, tuma CV yako na barua, na uandike vyeti vya uidhinisho nitawasilisha mkinipa ofa kama sheria inavyosema. Wapo watakaokutupa nje kwa hilo, sikufichi. Na huko kwenu mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ukiomba kuona taarifa zako walizonazo, kanuni zinawapa siku saba wakuonyeshe na ni bure. Wakigoma nenda kwa Kamishna wa Data.

Shikamoo anti, kiwanda kimoja kimetuambia wasichana wote tupime mimba na HIV ndo tupewe mkataba. Wavulana wamepimwa macho na kifua tu.

Marahaba. Hilo ni kosa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na Sheria ya Ajira kifungu cha 7 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, jinsia au VVU, na hicho kifungu kinamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Tena ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua unamwangukia mwajiri. Hiyo tofauti ya wasichana hiki, wavulana kile, ndo ushahidi wenyewe. Andikeni majina yenu pamoja, nendeni ofisi ya kazi ya mkoa au CMA mkiwa kundi, msiende mmoja mmoja.

Anti kuna wakala amenitafuta Whatsapp anasema nimechaguliwa kazi ya hoteli, nitume picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, picha yangu nimekishika, na elfu hamsini ya vetingi. Nitume?

Usitume hata shilingi mia. Mwajiri anayetaka kukuchunguza anajigharamia mwenyewe. Na ile picha umeshika kitambulisho ndo wanaitaka kuliko hiyo elfu hamsini, maana wakiwa nayo wanaweza kujifanya wewe, kuombea mikopo ya mtandaoni na kutapeli watu kwa jina lako. Kama picha umeshatuma, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ukikuta usiyoitambua nenda duka la mtandao husika waifute, toa taarifa polisi uandikiwe RB (namba ya taarifa yako), na ile namba ya huyo wakala itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.