Baridi haiwafungi samaki midomo

Kila Julai nikishuka kutoka Moshi kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, wavuvi hunipokea kwa neno lile lile: "Kaka, umepoteza nauli. Baridi imewafunga samaki midomo." Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nilipoishi majira mawili ya baridi Minnesota, Marekani, ambako ziwa huganda watu wakatembea juu yake na bado wakavua.

Siku ya kwanza nilikaa asubuhi nzima kwenye tundu la barafu nikichezesha chambo kikubwa kinachong'aa. Sikupata hata mmoja. Mzee aliyenialika, hatua chache tu kutoka nilipokaa, alikuwa anavuta samaki wa manjano wenye milia mmoja baada ya mwingine. Akampasua mmoja tumbo, akanionyesha: limejaa mabuu wekundu, wembamba kama uzi.

Wale ni mabuu wa visubi. Wekundu wao unatokana na hemoglobini, kama ilivyo kwenye damu yetu, nayo huwasaidia kuishi ndani ya tope lenye oksijeni kidogo. Nilikuwa nikidhani ziwa likiganda wadudu wote hufa. Kumbe maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi joto 4 za Selsiasi, hivyo hayo ndiyo hukaa chini, na yale ya baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Topeni maisha yanaendelea, polepole. Samaki naye mwili umepoa, hana nguvu za kukimbiza windo kubwa, basi anaokota kidogo kidogo kilicho karibu. Ila theluji ikilala nene juu ya barafu, mwanga hukatika, majani ya majini hufa na kuoza, oksijeni hupungua. Hapo samaki huhama ghuba zenye majani, na ukibaki pale pale utachoka bure.

Kwetu maji hayagandi, ila somo la tumbo nimekuja nalo. Ukipata samaki wa kwanza wa siku, mpasue papo hapo kabla hujaendelea. Kambare nawaona mara nyingi na wadudu tumboni. Perege hula zaidi mwani, lakini usimwache bila kumkagua. Kisha chota tope la ukingoni, lisuuze kwenye chujio la chai, uone nani anaishi humo.

Ukikuta mabuu, weka ndoana ndogo kabisa uliyo nayo na mshipi mwembamba, chambo kipande kidogo cha mnyoo. Kiache kilale karibu na tope. Usikivutevute, ukitaka kukitikisa, tikisa kidogo sana kisha subiri. Nami siku hizi sidamki alfajiri msimu wa baridi. Nafika saa nne au saa tano, jua likishapasha maji ya kina kifupi, na naanzia huko huko pembeni.