Kabla hujaandika sys.exit: ushauri kwa anayeanza kuandika skripti

Ukiwa mgeni kwenye kazi hii, akili yote huwa kwenye kuifanya skripti ifanye kazi. Itasimamaje mambo yakiharibika? Hilo huachwa mpaka mwisho. Nakusihi ulifikirie mapema, maana skripti iliyokufa vibaya huacha uharibifu unaokuja kugunduliwa na mtu mwingine, siku nyingi baadaye.

Anza na namba ambayo programu huirudisha ikimaliza. 0 maana yake salama. 1 hadi 255 maana yake kuna tatizo. Kwa kawaida hutaiona kwenye skrini, lakini skripti nyingine iliyoiita yako huitazama hiyo kuamua iendelee au isimame. Kwa hiyo isidanganye. Kwenye PHP, amri ya kusimamisha programu, exit("Faili halipo") huonyesha maneno hayo kisha hurudisha 0, kana kwamba kazi imefanikiwa! Kwenye Python, sys.exit("Faili halipo") hupeleka maneno kwenye mkondo wa makosa na kurudisha 1. Usizoee lugha moja ukadhani zote ziko hivyo.

Sasa tazama hii ya Python, maana ndiyo inayowasumbua wengi:

try:
    if not majina:
        sys.exit(1)
except:
    print("Kuna kosa")
hifadhi(majina)

Orodha ikiwa tupu, unatarajia programu isimame. Haisimami. sys.exit haikati programu papo hapo. Inarusha kosa liitwalo SystemExit, na ile except isiyotaja kitu hulidaka. Programu inaendelea na kuhifadhi orodha tupu juu ya data yako nzuri. except hiyohiyo humeza hata Ctrl+C, vitufe unavyobonyeza kuisimamisha programu. Taja kosa unalojua namna ya kulishughulikia, kama FileNotFoundError, na mengine yaache yapande juu yaonekane. Mimi naona afadhali programu ianguke kwa kelele kuliko iendelee na data mbovu.

Faili nazo usiziandike moja kwa moja juu ya zile za zamani. Andika kwenye faili la muda ndani ya folda hiyohiyo, likikamilika ulibadilishe jina kwa os.replace. Programu ikikatika katikati ya kuandika, faili la zamani linabaki zima.

Skripti ikigoma kusimama, usikimbilie kill -9. Amri ya kill huipelekea programu ishara, yaani ujumbe wenye namba yake. Ishara ya 9 haidakiki, hivyo hakuna usafi wowote utakaofanyika. kill peke yake hutuma ya 15, ambayo programu inaweza kuidaka na kufunga kazi zake kwanza. Lakini hapa pana mtego: kwenye Python, Ctrl+C hupitia finally (sehemu ya try inayoendeshwa hata kosa likitokea), ila ishara ya 15 huiua programu bila kuipitia, isipokuwa umeisajili mwenyewe kwa signal.signal. Skripti itakayokaa kwenye seva isajili mapema.

Halafu jaribu. Iendeshe skripti kwenye nakala ya data, ikiwa katikati ya kazi bonyeza Ctrl+C, kisha andika echo $? uione ile namba iliyorudishwa. Mara nyingi utaona 130, yaani 128 ukijumlisha 2, namba ya ishara ya Ctrl+C. Ukiona 0, rudi utafute ni except gani imeimeza, kisha ukague mafaili yaliyobaki kwenye folda.