Muulize Yaya wa Mashine: Gemu yangu ya baiskeli niiweke wapi?

SWALI: Jambo yako, Yaya. Mimi ni mwanafunzi, nakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa miezi saba nimetengeneza gemu ya Game Boy, ile mashine ndogo ya michezo ya mkononi, kwa programu ya GB Studio: mtu anasukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makala (mkaa) kutoka barabara ya Kasenga hadi soko la mtaa wa Kenya, na kila kizuizi kinamdai kitu. Niliituma kwenye kundi la WhatsApp, sasa yanazunguka matoleo matatu, na watu wananilalamikia makosa niliyokwisha kuyarekebisha. Rafiki mmoja anasema niiweke GitHub, mwingine itch.io. Nishike ipi?
Msukuma Baiskeli

JIBU: Jambo sana, mdogo wangu. Gemu iende itch.io, GitHub iwe ghala la mradi wako. Ningeishia hapo, lakini najua utaandika tena kuuliza kwa nini.

Siku moja nilimfungulia mama mmoja muuza mikate, mteja wangu, gemu iliyowekwa GitHub. Alitazama ile orodha ya mafaili, akaniuliza, "Hii faktire (ankara) ni ya nani?" GitHub imejengwa kwa ajili ya waandishi wa programu. Inatunza kila badiliko, na ina mahali pa kuripoti makosa, ila mtu anayetaka kucheza tu hajui abonyeze wapi.

itch.io, iliyoanza 2013, inakupa ukurasa wenye picha, maelezo na kitufe cha kuchezea. Katika GB Studio toa gemu kwa namna ya wavuti, ifunge kwenye faili moja la zipu, ipandishe, kisha weka alama kwamba inachezwa ndani ya kivinjari. Emuleta, programu inayoiga Game Boy, imo humohumo, na kwenye simu vitufe vinajitokeza juu ya kioo. Binamu yako wa Likasi hapakui chochote. Kando yake weka na faili la .gb, yaani romu, gemu iliyokamilika, maana Game Boy ni ya 1989 lakini wapo wanaoandika gemu mpya kwenye katriji, kile kikasha kinachochomekwa, na kuzicheza kwenye mashine yenyewe. Ukirekebisha kosa, badilisha faili palepale, kiungo kinabaki kilekile. Kwenye WhatsApp tuma kiungo peke yake. itch.io wana pia programu iitwayo butler, inayopandisha sehemu zilizobadilika tu ili kuokoa mega. Wewe huihitaji: gemu yako nzima ni ndogo kuliko picha moja ya simu.

Bei? Weka sifuri, anayetaka atoe zawadi. Malipo ya kule hupita kwa kadi ya benki au PayPal, na jirani zetu wanaolipa kila kitu kwa simu hawatakuwa na mlango. itch.io hukata asilimia 10 usipogusa kitu, lakini mwenye gemu ndiye anayepanga kiasi hicho, hata sifuri.

Sasa la ghala, na hapa nasema kwa uchungu. Gemu yangu ya kwanza niliiweka kwenye tovuti moja ya bure, mradi wenyewe ukabaki kwenye kompyuta. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, kompyuta ikaungua. Kabla mwaka haujaisha na tovuti ikafungwa. Rafiki alikuwa na nakala ya romu, basi. Romu unaicheza, lakini huwezi kuifungua tena ndani ya GB Studio ukahamisha hata mti mmoja. Kwa hiyo pandisha GitHub folda nzima ya mradi, na nakala nyingine iwe kwenye flashi nyumbani kwa mtu mwingine. Hata majukwaa makubwa hubadilika: Julai 2025 itch.io iliondoa kwenye utafutaji gemu zenye mambo ya watu wazima, kwa shinikizo la kampuni za malipo. Makala yako hayamo, ila usiweke gunia lote kwenye baiskeli moja.

Baadaye ipeleke pia Homebrew Hub, hifadhi ya gemu za Game Boy zilizotengenezwa na watu kama wewe. Kuingiza gemu kule hupitia GitHub, kwa hiyo utakuwa umeshazoea. Muziki na michoro viwe vyako, au vyenye ruhusa iliyoandikwa.

Ukimaliza, mpe mama yako simu, kaa kimya, uone anakwama kizuizi gani. Kisha niletee kiungo. Nitaisukuma hiyo baiskeli jioni, umeme ukiwepo.